Honi ya Kamiyo Ng'ambo ya Mto

Nakumbuka siku moja ya sikukuu ya jimbo, mwanangu, zamani za Wabelgiji, tulipotoka Itebero kwa miguu, mimi na marafiki wangu Mulonda na Safari. Tulikuwa tumechaguliwa kucheza ngoma ya kwetu huko Bukavu, mbele ya watu wa jimbo zima. Kamiyo, lori la kutupeleka, ilitungoja ng'ambo ya mto. Njia ilijaa watu: akina mama wenye vikapu vya samaki mgongoni, watoto, mbuzi wa kuuza.

Kwenye daraja la kamba za msituni tulimkuta mlinzi wake akihangaika peke yake. Wanawe waliozoea kumsaidia walikwisha kwenda sikukuu. Kamba moja ya kushikia ilikuwa imelika hadi katikati.

Safari akamwambia sisi ni wepesi, tungepita mmoja mmoja. Yule mzee hakubisha. “Ninyi mutapita, batoto. Lakini hawa bamama nyuma yenu, na mizigo yao, sijui.”

Mulonda ndiye aliyekuwa mchezaji wetu bora. Kote njiani alikuwa akijaribu hatua zake. Akavua njuga miguuni, akazitundika mtini.

“Papa, umetufunga miguu siku ya kucheza,” akasema. “Lete mupanga.”

Tukaingia msituni, tukakata kamba mpya, tukaziburuta, tukasuka. Ng'ambo honi ikalia, ikalia tena, kisha tukasikia kamiyo ikipanda kilima. Safari alitukana kidogo (usiwaambie wajukuu wake), lakini mikono yake haikuachia fundo.

Watu wote walivuka salama. Sisi tulifika Bukavu kwa kamiyo nyingine, ngoma imekwisha. Hakuna mkubwa aliyetuona tukicheza hata hatua moja.

Wakati wa kurudi tulifuatana na wale akina mama, vikapu vyao vitupu. Tulipokwisha kuvuka daraja, mmoja wao akamzuia Mulonda njiani.

“Kaka, vaa njuga. Leo sisi njo jimbo,” akasema, yaani wao ndio watu wa jimbo.

Wakapiga makofi, wakaimba, nasi tukacheza pale ukingoni hadi vumbi likatufika magotini. Baadaye nilicheza mbele ya wakubwa wengi, mwanangu. Fahari ya siku ile sijaipata tena.

Siku za sikukuu kila mtu anakimbia. Kimbia nawe, ila kabla ya kuvuka geuka, umtazame anayekufuata na mzigo wake. Ukiona kamba imelika, ifunge, hata kama honi inakuita. Mungu akupe mikono yenye nguvu, na marafiki watakaobaki nawe mtoni.