Sauti ya Miraji Kutoka Kairo

Mama yangu, Bi Mwanasiti wa Nguvumali, Tanga, alikuwa mshona kofia, na kofia zake ndizo zilizompeleka kaka yangu Miraji kusoma Azhari, huko Misri, mwaka 1952. Watu walisema ni bahati. Bahati gani? Mimi niliyekuwa nikimtungia sindano, macho yanamtoka machozi, ndiye ninayejua.

Barua zilikuja kila mwezi mpaka mwishoni mwa 1956, vita vya Suweisi vilipoanza. Mfereji ukafungwa, Waingereza wakakosana na Misri, na sisi tulikuwa chini ya Waingereza. Barua zikakatika. Mwezi wa nane bila barua ulipofika, majirani walikuwa wakisema "marehemu Miraji" mama akisikia. Wakamshauri asome hitima. Mama akawajibu kuwa mtu hai hasomewi hitima, akainamia kofia yake.

Jioni moja tulikuwa kwa Bi Mastura, jirani mwenye redio, tukasikiliza habari za Kiswahili kutoka Kairo. Msomaji alijitaja kwa jina tusilolijua, akakohoa kidogo, kisha akaisema serikali ya Kiingereza waziwazi bila kumung'unya maneno. Mama aliacha sindano. Akasema huyo ni Miraji. Wallahi alikuwa yeye, nami nikalia. Mama hakulia. Alipita mlango kwa mlango kuwaita wale wale waliomzika mwanawe, na kesho yake akakaanga visheti, akagawa mtaa mzima.

Hazikupita wiki mbili, akaja afisa wa Kizungu na karani wake, Laurenti. Karani akatueleza kwamba Miraji amemaliza masomo na ameomba pasi mpya arudi nyumbani. Serikali inataka kujua anafanya kazi gani huko. Hapo ndipo ningemfinya mama asiseme. Sikumfinya. Nilisimama na sinia la chai, nimefurahi kama mjinga kwamba kaka anarudi.

"Anasoma habari redioni," mama akasema. "Kila Alhamisi. Kaeni, mtamsikia."

Laurenti alisita kutafsiri. Haikusaidia kitu, maana yule Mzungu alikijua Kiswahili na alikuwa keshaandika. Pasi ikakataliwa.

Mwaka uliofuata haji mmoja aliyetoka Makka alituletea barua ya Miraji, aliyopewa huko na haji wa Misri. Nikamsomea mama. Miraji alisema vita vilimkatia posho, akalala na njaa, ndipo akashika kazi ya redio. Jina alilibadili ili asifungiwe njia ya kurudi kwao. Sasa imefungwa. Kuna mtu wa Tanga aliyeitambua sauti yake akamsema serikalini, na yeye anamshuku rafiki yake Uweso wa huku kwetu. Akatuomba tusimpe hata salamu.

Nikaikunja barua. Mama akaiweka kofia chini.

"Andika kwamba ni mimi," akasema.

Nikamsihi. Nikamwambia Miraji hawezi kujua, tuilaumu serikali, basi yaishe.

"Asimchukie mtoto wa watu kwa kosa langu. Andika, Asmahani."

Nikaandika. Nilimkasirikia mama siku ile, Mungu anisamehe.

Barua ilikwenda na mahujaji wengine. Alhamisi zikafuatana, mama akimsikiliza mwanawe kwa Bi Mastura. Kisha ikaja Alhamisi moja habari zikasomwa na mtu mwingine, na iliyofuata hivyo hivyo. Miraji hatukumsikia tena, wala hakuandika.

Alhamisi ile ya pili, tulipokuwa tukirudi nyumbani, mama aliniuliza kama nadhani barua imefika. Nikamwambia sijui.