Migomba ya Urusi

Juzi nilikuwa katika duka la vitu vilivyotumika huko Hounslow, na mzee mmoja alikuwa akiijaribu deki ya video kabla hajaichukua. Aliusukuma mkanda kwa kidole. Deki ikaumeza, ikakohoa, ikaanza kuvuma, na punde ikaja ile harufu ya vumbi linalopata joto ndani ya plastiki. Ninyi mnaonisoma, kama mna sauti moja inayowarudisha utotoni bila kuwaomba ruhusa, mtanielewa. Yangu ni hiyo. Nikiisikia ninakuwa na miaka tisa, tuko Barking, ghorofa ya tatu, Jumapili alasiri, tumetoka kanisani, tumekula ugali na sombe, yale majani ya muhogo, na Baba yuko karibu kuanza kusema.

Baba alisoma Urusi ujanani, enzi za Muungano wa Kisovieti, akarudi Bukavu na diploma ya mabwawa ya umeme, kofia ya manyoya na lugha ambayo hakuwa na mtu wa kuizungumza naye. Vita vilipotutoa kwetu, kofia ilibaki, diploma ilibaki, lugha ikaja nasi London. Barking palikuwa na duka lililouza samaki wa moshi, matango ya siki, na nyuma kabisa, mikanda ya filamu za zamani. Filamu hizo hazikuwa na maandishi chini ya picha. Baba alikuwa ndiye maandishi. Alikaa kwenye kiti cha mbao pembeni mwa televisheni, akitukabili sisi zaidi kuliko kioo, akatafsiri kila kitu kwa Kiswahili: wanawake kwa sauti nyembamba, majenerali kwa kifua, hata mbwa.

Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na sita, na sijawahi kukaa kazi moja zaidi ya mwaka. Nimesukuma mikokoteni ya mizigo uwanja wa ndege, nimeosha wazee, nimepanga viatu dukani Ilford. Lakini filamu za Warusi nimeziangalia kuliko wengi wenye shahada zao, na maoni yangu ninayo. Zile nzuri hazina haraka. Kamera inaukalia uso wa mtu mpaka uone wazo likimwingia na kumtoka. Mvua ni mvua kweli, inalowesha. Watoto hawachekei kamera. Zile mbaya zina msimamizi wa kiwanda anayehutubia mpaka chai inapoa, na msichana anayempenda dereva wa trekta kwa sababu amelima eneo kubwa kuliko wenzake. Mama alikuwa akiuliza kama huyo dereva anaoga. Na hizi za siku hizi za vita, zenye milipuko mikubwa, sizitaki. Matope yake ni masafi, askari wana meno meupe, muziki unakuamuru sasa lia. Kulikuwa pia na kichekesho kimoja ambamo mwanafunzi Mwafrika anapita na baridi inamtetemesha, na watu wote wanacheka. Baba aliipeleka mbele sehemu hiyo, kisha akaendelea kutafsiri kama kwamba hapakuwa na kitu.

Sasa niwaambie kuhusu Yaya Pascal. Kwetu yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa. Pascal alinitangulia kwa miaka sita, na sikumbuki hata sauti yake. Nilijua tu nilichoambiwa: tulipokimbia, Mama alitangulia na kundi la wanawake, Baba akafuata nyuma na sisi wawili, na kwenye daraja, katika msongamano wa watu, Pascal akapotea. Baba alimfikia Mama akiwa na mimi peke yangu. Huko London, kila mwezi Mama alivaa koti lake la kanisani akaenda kwenye ofisi ya watu wanaotafuta waliopotezana na jamaa zao. Alibeba picha ya Pascal. Akirudi alimwambia Baba kila alichoulizwa: alivaa shati gani, ni daraja lipi, alimwona mara ya mwisho saa ngapi. Baba alijibu yote akitazama mikono yake. Mwezi mmoja, nikiwa na miaka tisa, walitaka Baba aje yeye mwenyewe kueleza. Mama akapokea miadi, ya Jumatatu.

Jumapili iliyotangulia miadi hiyo tuliangalia filamu ya vita, isiyo na rangi. Alikuwepo Mama Neema, jirani wa chini, aliyesafisha ofisi pamoja na Mama na ambaye alizitukana filamu hizi kila wiki na kila wiki alirudi. Filamu ilikwenda vizuri mpaka karibu na mwisho. Mwanamume mwenye koti la askari anafika kwenye nyumba ya mbao. Theluji imejaa uani. Mama mmoja mzee amekaa kizingitini akimenya viazi. Yule askari anavua kofia na kusema kitu.

Baba alitazama mikono yake. Kisha akatafsiri, na kwa mara ya kwanza hakubadili sauti. Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Mama, sikumpoteza. Nilikuwa na wawili. Mkubwa alishikwa na homa, miguu ikakataa. Mdogo nilikuwa naye mgongoni. Kubeba wote wawili nilijaribu, nikaanguka. Nikamlaza mkubwa chini ya migomba, nikamfunika majani, nikamwambia ninampeleka mdogo mbele kwa watu, kisha narudi."

Kwenye kioo askari alikwisha kufunga mdomo zamani. Mama Neema akacheka, akamwita Baba kwa jina langu. "Baba Furaha, ule mutu amesema maneno mbili tu, na weye ungali unasema?"

Hakuna aliyecheka naye. Yule mzee wa filamu aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Pakabaki bata wakitembea kwenye theluji, na Baba bado alikuwa akitafsiri.

"Nilirudi. Alikuwa amekwisha. Nilimzika kwa mikono hii. Kufika kwako nikashindwa kusema, nikasema amepotea. Mama, unisamehe."

Mama alikuwa na sahani magotini. Aliiweka chini polepole sana.

"Aliomba maji?"

"Aliomba."

"Ulimpa?"

"Nilimpa yote tuliyokuwa nayo."

Mimi nilidhani wanajadili filamu. Katika nyumba yetu watu waliwauliza maswali wahusika na Baba akajibu kwa niaba yao, ndiyo ilikuwa desturi. Mama Neema alikwisha kuacha kutabasamu. Alichukua mkoba wake, akasema ana nguo za kuanua, na mvua ilikuwa ikinyesha tangu asubuhi. Filamu iliendelea, watu wakasema mengi, na Baba hakutafsiri tena. Nilipomdai, alisema hawasemi kitu. Nilikasirika. Niliwaona midomo ikienda.

Jumatatu hakuna aliyekwenda ofisini, wala mwezi uliofuata. Shuleni nilisimulia filamu hiyo kwa mwalimu, na mwalimu akaniambia kwa upole kwamba Urusi hakuna migomba. Nilibishana naye mpaka nikatolewa nje ya darasa. Baba yangu ameishi Urusi, nilimwambia, wewe umeishi wapi?

Baba alifariki nikiwa na miaka ishirini na mbili. Miaka mitano baadaye, nikiwa kati ya kazi na kazi, nilipita mbele ya ukumbi mdogo wa sinema katikati ya jiji na kuuona ule uso wa askari kwenye bango. Niliingia. Tulikuwa watu kama saba. Safari hii maandishi yalikuwepo, kwa Kiingereza. Askari akavua kofia. Mzee akainua macho kutoka kwenye viazi. Maandishi yakasema: "Nimetumwa na mwanao. Barua yake hii hapa." Basi. Mwanawe ni mzima. Mzee anaingia ndani kutafuta miwani yake ya kusomea.

Nilikaa gizani na sauti ya Baba ikisema kila neno juu ya wale bata, migomba, majani, mkubwa, mdogo, na ndipo nilipohesabu watoto wa Baba.

Niliteremka Barking bila kukumbuka treni. Mama alikuwa akisaga sombe jikoni. Nikamuuliza kama alijua siku ile kwamba maneno yale hayakuwa ya filamu.

"Nilijua mbele ya filamu," alisema. "Nilijua tangu siku alifika na weye peke yako. Mutu akipoteza mtoto anazunguka, anaita. Baba yako alikaa chini."

Nikamuuliza basi kwa nini alikwenda ofisini miaka yote ile na picha.

"Ili aseme."

Nimehama vyumba vingi tangu siku hiyo, na kila chumba kipya Baba anafika kabla yangu. Simwogopi. Huwa amekaa kwenye kiti, pembeni, akinikabili. Sina la kumwambia, kwa sababu sijui mtu humwambia nini aliyemchagua.

Liko jambo moja sijawaambia bado. Alasiri ile, Mama Neema alipokwisha kutoka, mimi ndiye niliyeanza kusema. Nilikuwa na wasiwasi na yule mdogo wa mgongoni, maana Baba alimsahau katika hadithi, na mimi sipendi mtu anaposahauliwa. Nikauliza alipona au hakupona. Baba aligeuza uso ukutani. Mama ndiye aliyenivuta nikaegemea ubavu wake, akaniwekea mkono kichwani, mzito, kama anayepima homa.

"Alipona," alisema. "Na anauliza maulizo mingi."

Nilifurahi sana kwa ajili yake, yule mtoto, kama tunavyofurahia habari njema za watu tusiowajua.