Hina Niliyoiona Nikanyamaza

Kwa miaka kumi na minne nimekuwa nikilaza wagonjwa kwa dawa ya usingizi katika hospitali moja ya Tabora. Ilipopatikana nafasi moja ya kwenda Dar es Salaam kujifunza kifaa kipya, alichaguliwa mwenzangu, mwanamke niliyemfundisha mimi mwenyewe kazi hii.

Alirudi na kitu kidogo cha kubana kidoleni, chenye waya unaokwenda kwenye kioo. Kwa mwanga kilisoma wingi wa damu dakika kwa dakika bila kumtoboa mtu. Sisi tulizoea kuvuta damu, kuipeleka maabara, kisha kusubiri. Madaktari walimzunguka wakimuuliza maswali. Mimi nilikunja mashuka ambayo hata hayakuwa kazi yangu, roho ikiniuma.

Mgonjwa wa kwanza wa kifaa kile alikuwa mama kutoka Kaliua, mwenye uvimbe wa taya uliompinda uso. Nilipomwandaa kwa upasuaji asubuhi, niliona vidole vyake vimekolea hina nyeusi hadi kwenye ncha. Alikuwa ametoka kumwoza binti yake. Kidole kimoja tu cha mkono wa kushoto kilikuwa kitupu, kwa sababu siku ya kupakwa kilifungwa plasta. Nilijua hina nzito huzuia mwanga wa vifaa vya namna ile. Vile vya kupima oksijeni vilikwisha kunisumbua kwa wagonjwa wenye hina, jambo ambalo mwenzangu hakuwahi kukutana nalo. Nikamfunika shuka, nikanyamaza. Nilitaka mwenzangu aaibike.

Kabla daktari hajaufikia hata mfupa wa taya, kioo kikaonyesha damu imeshuka vibaya. Mwenzangu alikibana kifaa upya, namba haikubadilika. Daktari akasimamisha kazi, akaagiza damu iletwe na sampuli ipelekwe maabara. Ya kundi la mama yule zilikuwepo chupa mbili tu, na sehemu ya kutoka damu nyingi ilikuwa bado mbele. Nikamtazama mama amelala pale, taya wazi. Hakuwa amenikosea lolote.

"Ni hina," nikasema. "Kihamishieni mkono wa kushoto, kidole kisichopakwa."

Namba ikapanda, ikatulia. Majibu ya maabara yalipokuja yakakubaliana nayo. Baadaye mfupa ulipokatwa, namba ilianza kushuka kidogo kidogo, safari hii kweli. Mwenzangu aliiona kabla yetu sote, na chupa ya kwanza ikatundikwa mapema. Mama aliamka salama.

Daktari alinisifu kwa kuwa na jicho kali. Sifa ile ilinichoma kuliko lawama. Tulipobaki wawili kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nilimweleza mwenzangu kwamba hina niliiona tangu asubuhi. Alivua kofia, akaikunja.

"Ungeniambia, dada," akasema. "Ningekusikiliza."

Hakwenda kunishtaki. Wiki iliyofuata alitufundisha sote kutumia kifaa. Nilikaa mbele, nikaandika kila alichosema, na bado nilimwonea wivu alivyokuwa akieleza mambo taratibu, bila kubabaika.