Mapipa Yenye Kufuli

Mtu wa Mbeya akienda kuona nyumba ya kupanga, huangalia juu kwanza. Mvua za kwetu zimetufundisha hivyo: tunatafuta madoa ya kahawia kwenye dari, tunanusa ukungu nyuma ya milango. Kwa hiyo nilipohamishiwa kazi Iringa, huku mama yangu akijiandaa kuja kukaa nami baada ya upasuaji wa goti, nilikuwa na ujuzi wote wa kutafuta nyumba, ila ulikuwa wa mji mwingine.

Nilitaka vyumba viwili na choo ndani, kwa bei ninayoiweza. Wenye nyumba walitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Ukikosea, unaishi na kosa lako nusu mwaka.

Ijumaa asubuhi dalali alinipeleka Kihesa. Sakafu ya vigae, madirisha makubwa, na bei karibu nusu ya zote nilizokuwa nimetajiwa. Hapo ndipo nilipoanza kuwa na wasiwasi. Nikaomba kigoda, nikapanda, nikawa nagonga mbao za dari.

"Dada, unatafuta nyoka?" dalali akauliza.

"Natafuta sababu ya bei."

Akacheka, akafungua bomba la jikoni. Maji yakatoka kwa nguvu, naye akayaacha yamwagike. Nje ilikuwa kiangazi, vumbi limefunika mpaka majani ya mipapai. Nikajiuliza ni nani huyu anayemwaga maji hivi.

"Lipa leo," akasema. "Kuna mwingine anakuja saa nane."

Tukitoka, niliona ukutani mapipa manne ya bluu, moja la kila mpangaji, kila mfuniko umetobolewa na kutiwa kufuli. Nimeona watu wakifungia baiskeli, majiko, hata kuku. Maji, sijawahi. Nikamwambia dalali nitampigia.

Jumapili nilirudi peke yangu. Mpangaji mmoja alikuwa uani akichambua mboga. Tukasalimiana, nikamwambia nimekuja kuulizia nyumba.

"Alikuleta lini?"

"Ijumaa."

"Wote huletwa Ijumaa. Jumanne na Ijumaa ndizo siku za maji hapa."

"Na siku nyingine?"

Akaonyesha kwa kidevu kule bondeni, kwenye kisima. Nikaupima mteremko ule kwa goti la mama.

Nyumba ya pili ilikuwa Mlandege, ndogo zaidi na ghali kidogo. Mwenye nyumba, mama wa makamo aliyekuwa akikaanga maandazi, alinitajia kasoro kabla sijakaa. "Mlango unasugua. Msikiti uko jirani, adhana ya alfajiri utaisikia. Usije ukasema hukuambiwa."

Nikamshuku kuliko dalali. Anayekupa kasoro ndogo bila kuombwa, pengine ameficha kubwa. Nikaenda Jumatano, nikafungua bomba. Nikaenda Jumapili. Nikaenda Jumatatu mchana.

"Mwanangu," akasema safari hiyo, "unahamia au unalinda?"

Ikabidi nimweleze habari ya goti. Akafuta mikono, akanipeleka nyuma ya nyumba kwenye tangi kubwa, akaligonga kwa mwiko kutoka chini kwenda juu ili nisikie maji yalipofika. Sauti ilibadilika karibu na mdomo wa tangi.

"Yakikatika siku nne, hili linatosha. Nilipe miezi mitatu tu. Ukiona nimekudanganya, ondoka."

Ndiyo maana nakusihi, ukitafuta nyumba kwenye mji mkavu, usione haya kurudi mara tatu. Mwenye nyumba mzuri atakutania, kisha atakuonyesha tangi.

Mama alifika wiki iliyofuata. Alisimama sebuleni na fimbo yake, macho juu.

"Hapa hapavuji?"

"Mama, huku tunaangalia bomba."

Akanitazama kama nilivyomtazama dalali, kisha akaomba kigoda. Kwa goti lile asingeweza kupanda, basi nikapanda mimi, nikagonga ubao mmoja mmoja mpaka aliporidhika. Ndipo akaenda kuoga, na maji yakatoka. Ilikuwa Alhamisi.