Toa Beseni

Ilikuwa saa mbili kasoro dakika kumi, asubuhi ya Jumatatu, nilipohisi baridi ya kwanza ikipita katikati ya mabega yangu. Saa hiyo naijua kwa sababu nilikuwa nimetoka kuiandika juu ya ukurasa, kama ninavyofanya kila siku ya kupima. Chini yake kuna majina ya watoto kumi na mmoja na uzito wao. Kumi kati ya nambari hizo ni sahihi.

Kabla ya asubuhi hiyo nilikuwa mtu mwenye afya. Nina miaka hamsini na mmoja. Kazi yangu ni kupima watoto katika hospitali moja ya watoto hapa Kisangani, kwenye wodi ya wale waliodhoofika kwa utapiamlo. Niliingia pale kama mfagizi. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari. Mengine nilijifunza mwenyewe, kutoka vitabu vya zamani vinavyouzwa kando ya soko, vingi vikiwa havina jalada. Nilipoweza kusoma mizani na kuchora mstari wa ukuaji bila kukosea, daktari mkuu wa wakati ule alichukua ufagio wangu akanipa kalamu. Wamama wakanipa jina: Papa Kilo.

Mizani yetu ni ile ya kuning'inia, yenye uso kama wa saa. Mtoto huvishwa suruali ya kitambaa yenye kamba, kamba hutundikwa kwenye ndoano, mshale unaonyesha uzito. Suruali yetu ilichanika miezi minane kabla sijaugua. Tuliandika barua kuomba nyingine, tukajibiwa tusubiri. Mimi sikusubiri. Nilichukua beseni la plastiki la bluu, nikatoboa matundu manne ukingoni kwa msumari wa moto, nikapitisha kamba. Beseni na kamba zake vilikuwa na gramu mia sita. Nilivipima mara tatu. Skrubu ya kurudisha mshale kwenye sifuri ilikuwa imeshikwa na kutu, kwa hiyo kila uzito niliousoma ilinibidi niupunguze mia sita. Nambari ya kwanza niliiandika kwa penseli pembeni. Ile ya kweli, baada ya kutoa, niliiandika kwa kalamu.

Nilijivunia lile beseni. Watoto waliokuwa wakipiga kelele ndani ya suruali walikaa ndani yake kimya, wameshika ukingo kwa mikono miwili.

Siku za mwanzo mama mmoja wa Maniema, mcheshi, alinitania mbele ya wote: "Papa Kilo, unatuuzishia beseni pamoja na mutoto? Hata mu soko, ukipima samaki, unatoa beseni!" Wote walicheka. Tangu hapo, kila niliposoma nambari kwa sauti, wamama waliosimama kwenye mstari walijibu kwa pamoja: "Toa beseni!" Nikapenda iwe hivyo. Niliona kwamba vichwa kumi vinakumbuka kuliko kichwa kimoja.

Katika wodi yetu uzito ndio mlango. Mtoto akifikia uzito aliowekewa, anarudi kwao na pakiti za siagi ya karanga. Asipofikia, anabaki.

Jumapili mifupa iliniuma. Nilifanya nilichofanya miaka mingi: nilimeza vidonge viwili vya kinini vilivyobaki kabatini, nusu ya dozi au chini ya hapo, nikalala. Jumatatu nilikwenda kazini kwa sababu Alhamisi iliyotangulia mizani ilikuwa imepelekwa kwenye chanjo upande wa Bangboka, na watoto walikuwa hawajapimwa wiki nzima. Nilijiona mtu asiyeweza kukosekana.

Mtoto wa kumi na moja alikuwa wa mama mmoja wa Yanonge, kando ya mto. Mtoto huyo nitamwita Esengo, ingawa si jina lake. Alikuwa na miezi kumi na minne. Jumatatu iliyopita alikuwa na kilo sita na gramu mia moja. Mlango wake ulikuwa kilo sita na mia saba.

Wamama wengine walikuwa wamekwenda kuchukua uji. Tulibaki watatu: mimi, yule mama, na Esengo ndani ya beseni. Meno yangu yaligongana. Nilishika kamba kwa mkono wa kushoto ili beseni lisizunguke.

"Sita na mia nane," nikasema.

Hakuna aliyejibu. Nikaandika.

Daktari wa zamu, kijana mzuri aliyekuwa na wagonjwa wengi kuliko saa za siku, alitazama kitabu. "Mia saba kwa wiki moja! Huyu alikula kweli. Mama, jitayarishe, unarudi kwenu." Kwa kawaida Mama Georgine, mkuu wa wauguzi, humbeba kila mtoto anayeondoka, anamrusha kidogo kwenye mkono, na mkono wake haudanganyiki. Siku hiyo alikuwa kwenye msiba wa kaka yake.

Saa nne nilikwenda chooni. Mkojo wangu ulitoka mweusi kama kahawa. Niliutazama kwa utulivu wa ajabu, nikijaribu kukumbuka ni kitabu gani kilichoueleza. Halafu sakafu ikanijia usoni.

Nilipofumbua macho nilikuwa kwenye kitanda cha mtoto. Ilipaswa nipelekwe hospitali ya watu wazima, lakini daktari alisema nisingefika. Miguu yangu ilitokeza kati ya vyuma hadi magotini, na ukutani karibu na uso wangu palikuwa na samaki aliyechorwa kwa rangi, anatabasamu.

"Papa Kilo," daktari akasema, "kinini ulikunywa ngapi?"

"Viwili."

"Na zile mara za mbele, ulipougua?"

"Viwili. Kila mara viwili."

"Bon. Vitabu vyote vile, na ukurasa wa kinini uliuruka?" Alitania, lakini hakucheka. Alimwambia mke wangu Cécile kwamba malaria na kinini ya kubahatisha vimepasua damu yangu, na kwamba figo zikifunga, hana mashine ya kusafisha damu.

Nilitapika nyongo ya kijani mpaka ikabaki hewa. Macho yangu yakawa ya njano, ngozi ikawasha kama nimelala juu ya siafu. Mlinzi wa lango, mtu ambaye sikuwahi kumsalimu vizuri, alitoa damu yake asubuhi, na alasiri alikuwa amerudi langoni. Kwa saa thelathini sikutoa mkojo. Cécile alikaa na chupa tupu mapajani, akiiangalia kama mtu anayengojea ugeni. Siku ya tatu nilijaza chupa hiyo kidole kimoja. Aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha akalia kwa sauti: "Docteur! Kuya uone! Iko kama chai!" Wamama wa wodi nzima wakapiga vigelegele kwa ajili ya mkojo wangu.

Haya nayaeleza kwa utulivu. Homa yenyewe siwezi kuieleza hivyo. Siku zile zote nilikuwa ndani ya beseni la bluu, limetundikwa mahali nisipoona ndoano. Lilizunguka polepole. Chini walisimama wamama, nyuso zimeinuliwa, midomo imefungwa. Nilijua kuna neno moja wanalopaswa kusema ili nishushwe. Hawakulisema.

Siku ya tano, Ijumaa mchana, homa ilishuka, nami nikaelewa ni neno gani.

Mama Georgine alikuwa akibadilisha dripu. Nikamwambia, "Toa beseni."

"Pumzika, papa. Beseni iko pale, haiende fasi yoyote."

"Lete kitabu cha Jumatatu. Mtoto wa Yanonge. Niambie kama kuna nambari ya penseli."

Alinitazama machoni, akaona kwamba siweweseki. Alikileta kitabu. Alipitisha kidole ukurasani, mstari kwa mstari. Mistari kumi ilikuwa na penseli na kalamu. Mstari wa kumi na moja ulikuwa na kalamu tu.

Alikifunga kitabu, akatoka haraka, viatu vikipiga sakafu. Alipiga simu ya mjomba wa yule mama, mchuuzi wa mtoni, haikupatikana. Jumamosi asubuhi alimpa ujumbe mtu wa boti iliyoshuka Yanonge: mtoto arudishwe leo, sisi tutalipa safari. Boti iliharibika njiani. Ujumbe ulifika Jumapili.

Esengo alikuwa amezikwa Jumamosi. Kuhara, siku mbili.

Mimi niliambiwa siku ya kumi na mbili, nilipoweza kusimama bila kushikwa. Daktari aliniambia pia jambo hili, nami naliandika kwa sababu ni haki: "Hata angebaki hapa, hatujui." Ni kweli. Hatujui. Nimejaribu kulala juu ya neno hilo na ni gumu kama ubao.

Miezi mitatu baadaye nilipanda boti kwenda Yanonge. Nilikuwa nimeandika yote niliyotaka kusema kwenye karatasi moja, ili sauti isinipotee. Nilimkuta yule mama nyuma ya nyumba yao, anamenya mihogo. Hakusimama.

"Papa Kilo. Walisema ulikufa."

"Sikufa, mama."

"Ulikonda. Sasa ni weye wa kuweka mu beseni."

Nilikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, nikamsomea. Saa, nambari, penseli isiyokuwepo. Nilimwambia kwamba mtoto wake alikuwa na kilo sita na mia mbili, kwamba hakupaswa kutoka, na kwamba aliyemtoa ni mimi. Aliendelea kumenya. Nilipomaliza kusoma aliosha muhogo aliokuwa nao, akauweka, akachukua mwingine, hakuumenya.

"Mi nilijua," akasema.

"Ulijua nini, mama?"

"Nilijua beseni iko ndani. Ulisema sita na mia nane, ukaandika. Mi nikahesabu: sita na mia mbili. Siku zote mi njo mwenye nilikuwa nasema toa beseni kwa nguvu kupita wamama bote. Ile siku nilinyamaza."

Kuku walipita kati yetu.

"Kwa nini?"

"Wiki sita, papa. Wiki sita mu ile chumba. Huku niliacha wawili kwa bibi yao, wanakula mara moja kwa siku. Niliona mukono yako iko inatetemeka. Nikasema mu roho, huyu papa iko mugonjwa, hataona. Nikasema Mungu ananifungulia mulango." Alifuta uso kwa kiwiko, kwa sababu mikono ilikuwa na maji ya muhogo. "Bwana yangu hajui. Mama yangu hajui. Ni weye tu."

Nilikuwa nimekwenda kuutua mzigo mbele yake, nikakuta ameubeba uleule, bila hata homa ya kumsaidia kusahau. Nilimwambia kwamba hesabu haikuwa kazi yake. Alisema, "Na mutoto alikuwa wa nani?"

Kabla sijaondoka nilimwomba ruhusa ya kusimulia. Alimenya ule muhogo hadi mwisho.

"Simulia, wengine wasikie. Lakini jina yangu toa. Kama beseni."

Nimelitoa.

Basi, nimepona. Figo zangu zinafanya kazi, macho yamekuwa meupe, napanda ngazi za hospitali bila kupumzika. Namshukuru Mungu, na mlinzi wa lango, ambaye sasa namsalimu kwa jina kila asubuhi. Nawashukuru Cécile na chupa yake, daktari aliyeninyima matumaini ya uongo, na Mama Georgine, aliyeniamini niliposema maneno ya kichaa. Wewe unayesoma haya ukiwa kitandani, mkojo wako umekuwa mweusi na wenzako wananong'ona: nami nilikuwa hapo, na nimetoka. Kinini usimeze kwa kukisia. Nenda upimwe, unywe dozi nzima. Na kama kazi yako ni kuandika nambari zinazoamua maisha ya mtu, ukihisi baridi mabegani, weka kalamu chini. Usijione mtu asiyeweza kukosekana. Mwite mwingine, hata mfagizi. Mimi nilikuwa mfagizi.

Bado napima. Mama Georgine ndiye aliyeshikilia nirudi, na kila nambari tunaisoma wawili. Wamama wapya hawajui ule mwitikio, kwa hiyo nikisoma uzito chumba hunyamaza, na katika kimya hicho mimi husubiri kidogo kabla ya kuandika. Wanadhani macho yangu yamechoka.

Beseni nililitoboa chini ili lisishike maji wala lisitumike tena. Juma nililorudi kazini nilipeleka ile suruali iliyochanika kwa fundi wa cherehani pale Tshopo, nikamwomba aikate upya kwa kitambaa kigumu, mshono mara mbili, vishikio vinne. Aliimaliza kabla ya saa sita mchana. Tulikuwa tumeingoja miezi minane. Kitambaa, uzi na kazi ya mikono yake, vyote pamoja kama dola tano: faranga elfu kumi na nne.