Madamu Ameniulizia Meza ya Binti Yangu

Admin, nifiche kabisa, hata ukitaja rangi ya shati langu nimekwisha, maana watu wa Ilula wamejaa humu na wengine wanakula kwetu.

Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili, Mhehe. Shule niliishia darasa la tano, lakini kwa maneno hakuna msomi aliyewahi kuniweza. Nachoma nyama kwenye hoteli moja ya barabarani, mabasi ya Mbeya yanaposimama abiria wale haraka haraka. Nyama yangu inajulikana mpaka Tunduma. Kuna mheshimiwa alikula mshikaki wangu mmoja tu, akamwambia dereva wake, "Zima gari, leo hatuendi popote." Na zamani nikiwa Mafinga nilifukuza chui kwa koleo la mkaa. Anayebisha aende akaulize.

Sasa hapa kuna mabinti wanaohudumia meza. Hawana mshahara. Mwenye hoteli, tunamwita Madamu, anasema mshahara wao uko mifukoni mwa abiria, yaani ile ya soda anayoacha mteja. Jamani, abiria wa basi anaacha ya soda saa ngapi? Honi ikilia anakimbia na mfupa mdomoni, na akikimbia hajalipa, binti ndiye analipa. Hicho kidogo kinachopatikana kinaingia kwenye kopo la Madamu, na humo humo ndimo inatoka sahani ya dereva na konda, wale wanaolishwa bure ili walete basi. Kwa hiyo binti asiye na mshahara ndiye anamlisha dereva.

Binti mmoja, tumwite Atu, alisikia redioni kwamba hata wahudumu wa hoteli wana kima cha chini cha mshahara kisheria. Akapiga simu kwa afisa kazi, akaahidiwa kwamba atakuja kukagua. Akanifuata jikoni na wenzake.

"Kamwene, anko."

"Kamwene, mwanangu."

"Si unasemaga mkuu wa wilaya alikutetemekea?"

"Alitetemeka mpaka kofia ikadondoka!"

"Basi sisi tukisema tutaitwa watoto wakorofi. Wewe mtu mzima, una mshahara, hauna njaa yetu. Mwambie afisa ukweli."

Mwenzake akadakia, "Anko akianza kuhadithia, huyo afisa atahamia hapa na familia!" Wakacheka, lakini Atu hakucheka. Nikapiga kifua nikasema niachieni mimi.

Kesho yake Madamu akaja kukaa pembeni ya jiko langu. Huwa haji. Akasifia nyama, na mimi mtu akinisifia mdomo unajifungua wenyewe. Nikamwambia, "Madamu, wale mabinti wananisikiliza kuliko baba zao. Hata Atu na hasira zake."

"Hasira za nini, mzee wangu?" aliuliza polepole.

Nikasema mambo ya ujana tu. Wallahi sikutaja afisa.

Kwetu hakuna anayefukuzwa kwa mdomo. Unafika asubuhi unakuta aproni yako imefuliwa, imepigwa pasi, imetundikwa kwenye geti kwa nje. Unaichukua unaondoka, na walioko ndani hawainui macho. Siku ya pili yake tulikuta ya Atu. Tangu hapo jikoni hakuna anayeimba. Mabinti wananinong'oneza, "Anko, bado tuko pamoja?" Naitikia kwa kichwa.

Juzi Madamu amerudi. Akageuza nyama yangu kwa mkono wake, bila kunitazama.

"Mzee wangu, binti yako anaendeleaje huko Mbeya, sokoni Mwanjelwa? Ile meza ya viatu vya watoto, pale karibu na ngazi. Inatoa?"

Ndugu zangu, pale kazini wote nimewaambia binti yangu ana duka la vioo Dar. Hakuna mtu, hata mmoja, anayejua habari za meza.

"Wenye lile jengo ni ndugu zangu," akaendelea. "Nikisema neno wananisikiliza. Sasa afisa akija, wewe ndiye utampokea. Unajua kuongea. Mweleze tunavyoishi vizuri hapa." Akanipangusa jivu begani, akaondoka.

Nikampigia binti yangu. Akasema, "Baba, nilitaka nikuambie. Jana wamekuja wanaume wawili, wakapima meza yangu kwa futi kamba, wakapiga picha. Nimewaamkia, hawakuitikia." Ana watoto wawili na mume alishamkimbia. Ile meza ndiyo inawalisha.

Afisa anakuja kesho mchana. Madamu amenunua mbuzi mwenyewe, amefungwa nyuma ya jiko langu. Ng'ambo ya barabara Atu anashinda pale kwa wauza nyanya, hauzi kitu, ananiangalia mimi tu. Na leo wale mabinti wamenifulia koti langu jeupe bila kuombwa, eti nipendeze mbele ya serikali.

Maisha yangu yote sijawahi kukosa la kusema. Tangu juzi hata mteja akiniuliza kama nyama imeiva, namjibu kwa kichwa.

Ninyi mnaojua sheria, na ninyi wenye mabinti: kesho yule mtu akikaa, akaniuliza hawa watoto wanalipwa nini, nimjibuje? Naombeni mniambie kabla basi la Mbeya halijafika.