Ndono Ndani ya Ghala la Pamba

Mwaka ule ghala la chama cha msingi cha ushirika pale Bariadi lilikaa tupu. Wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa, wakawa wanaifuata pamba huko huko Nkoma na Ipililo na kulipa papo hapo, kwa hiyo hakuna mkulima aliyejisumbua tena kuleta mzigo wake mjini. Enzi hizo tuliziita za ruksa. Madukani kulikuwa na sabuni za kila rangi, redio kaseti zilibishana kutoka baraza hadi baraza, na ghala lile lenye kuta nene na bati zima limebaki la popo. Nilikuwa nikipita pale nasimama kulitazama. Wengine wanatamani ng'ombe, mimi nilitamani ghala.

Sababu yake ni kwamba napiga ndono. Ndono ni uta wenye waya mmoja, na katikati yake kumefungwa kibuyu ambacho mdomo wake unauegemeza kifuani. Unagonga waya kwa ufito mwembamba, na sauti unaitengeneza kwa kukisogeza kibuyu, mara kigande kifuani, mara kiachie. Ni chombo cha sauti ndogo sana. Baba alinifundisha mimi kwa kuwa kaka zangu walikimbilia ngoma, na watu walinicheka, kwanza kwa sababu mimi ni mwanamke, pili kwa sababu hawakusikia ninachopiga. Uwanjani kuna ngoma kubwa, kuna filimbi, kuna vumbi la miguu, na kama haitoshi kuna jamaa anacheza amejizungushia chatu shingoni. Nani atamwacha chatu aje kusikiliza waya? Nimewahi kupiga kiangazi kizima, nikimaliza mtu ananiuliza nitaanza lini.

Nilikuwa na hasira, nasema kweli. Nilijua ninachokishika ni kitu kizuri, na nilijua kwamba nikifa bila watu wa nje ya nyumba yetu kukisikia, kitakwisha na mimi. Nilichohitaji ni kuta nne na paa.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa chama, mzee mwenye kofia ya sufu hata jua likiwa kali, nikamkuta ameketi kwenye mizani ya zamani kama kiti.

"Mwadila, bhabha," nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu. Mhola?"

"Mhola. Nimekuja kuomba ghala. Jumamosi alasiri, kiangazi chote mpaka mvua za kwanza. Watu wakae ndani, wasikilize ndono na sauti za wanawake watatu tu. Bila ngoma."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeombwa kulaza mbuzi kitandani. Akaniambia kuna mnunuzi kutoka Mwanza naye amelitaka ghala lile lile kwa kiangazi kile kile, aweke pamba. Halafu akauliza swali ambalo mtu yeyote wa kwetu angeuliza.

"Mnashindana na nani?"

Nikasema hatushindani na mtu. Akacheka mpaka kofia ikalegea. "Sasa watu waje kutazama nini?"

Alikuwa na haki ya kucheka. Kwetu ngoma za kiangazi ni mashindano. Pande mbili zinasimama kwenye ncha mbili za uwanja na kuanza kwa pamoja, na watu wanahamahama katikati wakifuata utamu unakotokea. Upande wenye watu wengi mwishoni ndio ulioshinda. Na upande unaonyamaza kabla ya mwenzake umekwisha, utaimbwa kwa kebehi sokoni, kisimani na msibani mpaka mavuno mengine. Mchezaji asiye na mpinzani ni sawa na mtu anayebishana peke yake njiani.

Mwenyekiti akatoa hukumu yake. Nilete mpinzani, tufanye Jumamosi moja ya majaribio. Watu wakija na wakakaa, kiangazi chote changu. Wakitawanyika, funguo kwa mnunuzi.

Mpinzani nilimpata nyumbani kwa dada yangu. Mume wake hupiga zeze, na ni wa upande ule mwingine wa ngoma, kwa hiyo tangu amuoe dada hatujawahi kula pamoja bila kutaniana. Zeze nalo lina sauti ndogo, na naye alikuwa amefunikwa na ngoma za upande wake kama mimi nilivyofunikwa na za kwetu, ila hakuwahi kukiri.

"Shemeji," akasema, "unataka nikushinde chini ya paa? Uwanjani haijakutosha?"

"Nataka watu wakuone ukishindwa vizuri, bila vumbi."

Akakubali, lakini kwa sharti kwamba tufuate desturi: yeye na watu wake ncha moja ya ghala, mimi na wangu ncha nyingine, tuanze kwa pamoja. Nikasema sawa. Wala hakuna mtu, kuanzia mwenyekiti hadi dada yangu aliyekuwa akisonga ugali pembeni, aliyeona kasoro yoyote katika mpango huo. Tungeanzaje kama si pamoja?

Tukafukuza popo, tukafagia. Wanawake wangu watatu walimwaga maji na kusugua sakafu kana kwamba harusi inakuja. Shemeji naye alileta dawa yake ya kuvuta watu, ambayo kwa kawaida huzikwa mlangoni pa uwanja, akazunguka mlango kwa muda mrefu na jembe mkononi. Sakafu ilikuwa ya saruji. Hatimaye aliichomeka juu ya fremu ya mlango, akanitazama kwa jeuri, nami nikamuuliza kama dawa ikiwa juu itavuta watu au popo.

Jumamosi yenyewe watu walikuja. Wengine walikuja kwa ajili ya ndono, wachache hao. Wengi walikuja kuona ghala lao limekuwaje, na wengine kutoka Bukundi walikuwa mjini kuuza ng'ombe, wakaona watu wanaingia nao wakaingia. Tulikuwa tumepanga mabenchi ya kanisani na magunia yaliyokunjwa. Mnunuzi wa Mwanza naye alikuwepo, kijana wa viatu safi, amesimama mlangoni akipima ukuta kwa macho. Mwenyekiti akapiga filimbi, na pande zote mbili tukaanza.

Ilikuwa balaa. Uwanjani sauti huondoka na upepo. Mle ndani zilipanda kwenye bati, zikakutana huko na kutuangukia vichwani zote kwa pamoja. Waya wangu ukaingia katikati ya zeze lake, wanawake wangu wakaimba wimbo wangu kwenye mapigo yake, na waimbaji wake, kuona wanazidiwa, wakaongeza kelele. Watu wa katikati walifanya walichozoea, wakainuka kufuata utamu unakotokea, lakini haukutokea popote. Walikwenda kwa shemeji, wakarudi kwangu, wakagongana magoti na mabenchi. Kisha nikawaona wa nyuma wanaanza kutoka nje, ambako redio ya duka la jirani ilikuwa angalau inasikika. Mnunuzi akawapisha mlangoni kwa adabu, na usoni alikuwa mtu ambaye shughuli yake imekwisha.

Hapo nilielewa kwamba mmoja wetu lazima anyamaze. Na nilimjua shemeji, angepiga mpaka waya ukatike.

Sijui kama mtu asiye wa kwetu anaweza kuelewa uzito wake. Kunyamaza ni kushindwa, hakuna tafsiri nyingine. Nilifikiria kisima, nilifikiria soko, nikafikiria nyimbo ambazo wangenitungia, maana jina la ndono linaimbika kwa urahisi. Halafu nikamwona mtu mwingine anatoka nje. Nikaushusha ufito, nikakilaza kibuyu mapajani, nikawanyooshea mkono wanawake wangu wanyamaze. Mmoja wao, binamu yangu, alinitazama kwa jicho kali, na maelezo alinidai kwa miaka.

Upande wa pili walipiga vigelegele. Tumekwisha. Mtu akaanza hata mstari wa kebehi.

Lakini vigelegele vilipotulia lilibaki zeze peke yake ndani ya ghala lile, na sote tukalisikia kwa mara ya kwanza. Nasema sote, na shemeji mwenyewe nikimhesabu. Lilikuwa linalia wazi, kila mvuto wa upinde ukifika mpaka kwenye kona, na sauti za waimbaji wake, ambazo hazikuwa na haja tena ya kupiga kelele, zikashuka na kulifuata taratibu. Waliokuwa mlangoni wakasita. Mmoja akarudi, akakaa. Mimi nilikuwa nimekaa pale nimeshindwa, nina wivu mpaka kooni, na bado sikutaka amalize. Kumbe mume wa dada yangu ni mpigaji hodari.

Akamaliza. Kwa desturi mshindi anaunganisha wimbo juu ya wimbo na kubeba watu wote. Shemeji hakuunganisha. Alikuwa ameona kilichotokea, naye alijua kimetokea kwa gharama ya nani. Akaliweka zeze sakafuni, akainuka, akageuza kigoda chake kikatazama upande wangu, akakaa tena na kukunja mikono.

"Shemeji," akasema kutoka kule mbali, wala hakuhitaji kupaza sauti, "tunakusubiri."

Nikaegemeza kibuyu kifuani. Nikagonga waya.

Nilisikia mwenyewe. Maisha yangu yote ndono nilikuwa naisikia kwa mifupa ya kifua, na siku ile niliisikia kwa masikio ikinirudia kutoka ukutani. Nikakifunga kibuyu, sauti ikaingia ndani kama mtu anayenong'ona. Nikakiachia, ikafunguka mpaka kwenye bati. Wanawake wangu wakaingia kwa sauti za chini, za jikoni, kama tulivyokuwa tukiimba nyumbani. Mzee mmoja wa Bukundi, fimbo ya ng'ombe katikati ya magoti, aliinamisha kichwa kando na kukiacha hivyo hivyo. Nilikuwa na furaha iliyokaribia kunichekesha, nikaogopa kucheka nisiharibu mapigo.

Mwisho wa wimbo wa kwanza mwenyekiti akasimama na filimbi yake. Alitaka haki itendeke. Akatangaza kwamba sasa watu wahame, kila mmoja aende kwenye ncha ya aliyemfurahisha, ili wahesabiwe na mshindi ajulikane.

Hakuna aliyehama. Wengine walimtazama, wengine hata hawakumtazama. Akarudia, akidhani hawakusikia. Yule mzee wa Bukundi akamjibu kwa upole kwamba ukihama kunakuwa na kelele za miguu, na mtu hasikii. Nami nilikuwa nimeanza wimbo wa pili, kwa sababu sikuona faida ya kungoja matokeo.

Mwenyekiti akachanganyikiwa. Aliniangalia, akamwangalia shemeji ambaye hakuwa amekirudisha kigoda chake kilivyokuwa, halafu akamgeukia mnunuzi mlangoni, labda kwa sababu huyo alikuwa mtu wa biashara na angejua la kufanya na mashindano yasiyo na mshindi. Mnunuzi hakuwa tena mlangoni. Alikuwa ameketi kwenye magunia, viatu vyake safi vimejaa vumbi la watu waliompita, na mkono mmoja ameuinua kumzuia mwenyekiti.

"Kaa chini, mzee wangu," akasema. "Pamba nitaiweka hata kwa mama mkwe. Huyu mama hajamaliza."

Mwenyekiti akakaa. Nikaendelea.